Msafiri wa Peke Yake: Baiskeli katika Njia za Unyamwezi

Mara nyingi utamaduni wa taifa unapotajwa, mawazo ya watu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi ya jando na hadithi za mababu. Hivyo ni vyetu, wala hatuna ugomvi na mtu avitajaye. Lakini viko vitu vingine ambavyo havikuzaliwa kwetu, vikaja kama wageni, vikakaribishwa, vikakaa, hata vikasahau njia ya kurudi kwao. Lugha yetu imejaa mifano ya namna hiyo. Meza tuliipata kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu, shule kwa Wadachi, na baiskeli kwa Waingereza. Na hakuna mkulima wa Unyamwezi anayetamka neno baiskeli huku akidhani kwamba anasema Kiingereza. Ni habari za mgeni huyo wa mwisho tunazokusudia kuzieleza hapa, na hasa namna alivyoingia katika njia ambazo kabla yake zilikanyagwa na miguu ya wapagazi.

Fikira hizi zilitujia barabarani. Mwezi wa Julai mwaka 2018, tukiwa likizo, tulitoka mjini Tabora peke yetu kwa baiskeli kwenda Urambo, mwendo wa kiasi cha kilomita 90. Barabara kuu imewekwa lami, na mabasi hupita kwa kishindo. Kwa hiyo kila tulipoweza tuliiacha tukafuata njia ndogo za vijijini, zile zinazopita katikati ya mashamba yaliyokwisha vunwa na kuzama ndani ya miombo. Julai ni mwezi mzuri wa kusafiri huko. Mvua imekwisha zamani, usiku una baridi ya kumfanya mtu atafute blanketi la pili, na asubuhi hewa ni nyepesi kama maji ya kisima. Mahali pengine njia ilikuwa ngumu na laini kama sakafu. Mahali pengine ilikuwa kichanga kitupu, nasi tukashuka tukasukuma.

Tulisafiri polepole, bila haja yoyote tuliyoweza kuwaeleza watu, na hilo ndilo lililoleta taabu. Katika kila kijiji tulichosimama tuliamkiwa kwa heshima, "Mwangaluka," na baada ya salamu likafuata swali moja tu, ila kwa maneno mbalimbali. Wa kwanza akatuuliza, "Kuna msiba?" Wa pili akataka kujua tunauza nini. Mzee mmoja, baada ya kuitazama keria yetu na kuona haina gunia wala mgonjwa wala kuku, alitikisa kichwa akasema, "Baiskeli tupu huchosha kuliko yenye mzigo." Tulicheka wote. Lakini tulipokwisha agana naye, tukaona kwamba katika sentensi ile moja mzee alikuwa ametupa somo la historia.

Kwa maana baiskeli haikuzaliwa kuwa chombo cha mzigo. Mwaka 1817, mjini Mannheim katika Ujerumani, bwana mmoja jina lake Karl von Drais aliunda chombo cha mti chenye magurudumu mawili, mtu akikaa katikati na kusukuma ardhi kwa miguu yake. Hakikuwa na pedali. Pedali zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860, zikiwa zimefungwa kwenye gurudumu la mbele. Kisha Waingereza wakalikuza gurudumu hilo likawa refu kama kimo cha mtu, na aliyeanguka kutoka juu yake alianguka kweli kweli. Ilikuwa mwaka 1885 John Kemp Starley alipotoa mjini Coventry baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli ya mkulima wa Urambo leo ni mjukuu halisi wa ile. Ukiwaweka pamoja utaona sura ya ukoo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya tairi la mpira lililojazwa upepo, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Hapo ndipo Waingereza walipofungua milango wakatoka nje. Chama cha wasafiri wa baiskeli kilikuwa kimeanzishwa tangu mwaka 1878, na katika miaka ya 1890 karani wa duka au wa benki mjini aliweza, siku ya mapumziko ya kiangazi, kupanda baiskeli yake na kupotea peke yake katika vijia vya mashambani, kati ya nyua za miti na makanisa ya kale, kisha akarudi jioni na vumbi na furaha. Hakwenda kuuza kitu. Alikwenda kuitazama nchi yake. Wanawake nao walipanda, na huko Marekani Susan B. Anthony, aliyepigania haki yao ya kupiga kura, alisema mwaka 1896 kwamba baiskeli imefanya mengi kuliko kitu kingine chochote duniani katika kumkomboa mwanamke. Tunaomba msomaji aliweke neno hilo mahali, kwa kuwa tutalirudia.

Hata hivyo, haki inatudai tuulize upepo ule wa Dunlop ulizungukwa na nini. Ulizungukwa na mpira. Na mpira, kabla mashamba ya Asia hayajakomaa, ulitoka kwa sehemu kubwa katika misitu ya Brazili na ya Kongo. Kongo wakati huo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyeitawala tangu mwaka 1885 hata 1908. Watu walilazimishwa kuingia msituni kukamua utomvu wa mitambaa. Kijiji kilichopunguza kipimo kilichomwa moto, wanawake walishikwa rehani, na askari walikata mikono ya watu ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Hatusemi kwamba karani yule katika kijia chake cha kiangazi alijua. Wengi hawakujua, mpaka watu kama E. D. Morel walipoanza kupiga kelele. Tunasema tu kwamba kimya cha kijia kile kililipiwa na mtu mwingine, mbali sana, na kwamba njia ya kwenda kwa mtu huyo ilipita Tabora.

Tabora! Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake historia ya njia hawezi kupata mahali pema zaidi. Kutoka Bagamoyo hadi hapo ni zaidi ya kilomita 800, na msafara uliotembea vizuri ulitumia miezi mitatu. Hapo njia iligawanyika, moja ikaenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Kongo, nyingine ikaelekea kaskazini kwenye Nyanza na Buganda. Kila kitu kilichopita kilipita juu ya kichwa au bega la mtu: pembe za ndovu zikienda pwani, nguo na shanga na nyaya zikienda bara, kila mtu na mzigo wake wa kiasi cha kilo 30. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, na waliifanya kwa fahari. Kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa bado ni mtoto. Hao ndio walioisambaza lugha hii tunayoiandika. Kabla hakijapata kamusi wala mtihani, Kiswahili kilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi pamoja na marobota.

Siku ya kwanza ya safari yetu tulikuwa tumepitia Kwihara, karibu na mji, mahali Livingstone na Stanley walipokaa pamoja mwaka 1872. Watalii huenda kuwatazama hao wawili. Sisi tulikaa kivulini tukawafikiria Susi na Chuma na wenzao, ambao mwaka 1873 walimchukua Livingstone maiti kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakapita hapo hapo Kwihara, na kumfikisha Bagamoyo mwezi wa Februari mwaka 1874. Katika historia yote ya upagazi hakuna mzigo uliochukuliwa kwa uaminifu kuliko huo.

Sasa msomaji na alitazame jambo moja ambalo vitabu havilitilii mkazo. Katika njia zile hapakuwa na msafiri wa peke yake. Watu walikwenda kwa mamia, kirangozi mbele na ngoma yake, kwa sababu mtu mmoja njiani alikuwa windo. Angeweza kukamatwa akauzwa, akafika pwani bila kulipwa ujira, naye akiwa ni mali. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa kabisa, na Stanley pamoja na bunduki zake zote alilazimika kuzunguka kusini. Mirambo alikufa mwezi wa Desemba mwaka 1884. Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani mpaka ngome yake ilipoanguka mwezi wa Januari mwaka 1893, naye hakukubali kukamatwa hai. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Vita vikuu vya kwanza viliufufua kwa ukatili, watu wakichukuliwa kwa nguvu kubeba risasi na unga wa majeshi. Na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam linawakumbuka mpaka leo, ingawa wengi wanaonunua nyanya pale hawajui.

Reli ilisaidia stesheni. Mtu aliyekaa mwendo wa siku nzima kutoka stesheni alibaki na miguu yake. Kwa mtu huyo ndipo baiskeli ilipokuja, wakati wa utawala wa Waingereza. Wa kwanza kuimiliki kijijini walikuwa watu wenye mshahara: tarishi wa bomani, karani, mwalimu wa misheni, mhubiri, na mpishi aliyerudi kutoka mjini. Baadaye wakaja watu wa pamba na wa tumbaku. Urambo yenyewe ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea, mradi ulioteketeza fedha nyingi za Uingereza na kuanguka miaka michache tu baadaye. Karanga zilipokataa, tumbaku ilikubali. Na mkulima alipouza tumbaku, mara nyingi kitu cha kwanza alichokitamani baada ya mabati ilikuwa Raleigh nyeusi ya Nottingham, ambayo kengele yake ilisikika kabla mwenyewe hajaonekana.

Watu husema baiskeli ilileta mwendo wa kasi. Sisi tunaona ilileta kitu kikubwa kuliko kasi, nacho ni upweke wa hiari. Kwa mara ya kwanza katika nchi hiyo mtu mmoja aliweza kutoka kwake alfajiri, akaenda kilomita 40, akamaliza shauri lake na kurudi kulala kwake, bila kirangozi, bila ngoma, bila kumwomba mtu ruhusa. Mjukuu wa mpagazi alikuwa bado anachukua mzigo, ndiyo. Yule mzee wa kijijini hakukosea. Lakini sasa mzigo ulikaa kwenye chuma, ulikuwa wake mwenyewe, na njia aliichagua yeye.

Naye aliibadilisha ile baiskeli. Waingereza walituletea farasi mwepesi, Wanyamwezi wakamfanya punda. Keria iliongezwa vyuma, foku ya mbele ikatiwa nondo za kuisaidia, na juu yake yakapanda magunia ya mkaa, madebe ya asali, marobota ya tumbaku, vitanda, milango, mbuzi waliofungwa miguu, bibi arusi, na mgonjwa aliyeegemezwa mgongoni mwa nduguye akapelekwa zahanati. Mafundi walizuka chini ya miembe. Chombo chao cha uchunguzi ni beseni la maji: tyubu huzamishwa, mapovu yakaonyesha tundu, tundu likasuguliwa kwa msasa, likapakwa solusheni, likafungwa kiraka kilichokatwa katika tyubu iliyokufa. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wenye baiskeli walivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka, na mwito wao ukawa jina, bodaboda, ambalo leo pikipiki zimelirithi pote, hata Tabora.

Baba yetu alikuwa bwana afya. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", ambayo iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, alizunguka vijiji kwa baiskeli, redio imefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye usukani. Tulikuwa watoto wadogo. Tunachokumbuka ni jioni, sauti ya mnyororo uliokosa mafuta ikikaribia kutoka gizani. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, hali ikawa ngumu. Dar es Salaam palikuwa na kiwanda kilichotoa baiskeli zetu wenyewe, za Swala, lakini kupata tairi kijijini ilikuwa bahati. Tuliwaona watu wameshindilia majani makavu ndani ya tairi badala ya tyubu, wakaendelea na safari kwa mtikisiko ambao hatuwezi kuueleza. Mafuta nayo yakawa haba, magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mwenye baiskeli alikuwa sultani siku hizo.

Ni katika miaka hiyo dada yetu mkubwa alichaguliwa kuingia sekondari ya kutwa. Shule ilikuwa mbali, zaidi ya kilomita 12, na baiskeli ya baba ilikuwapo, imeegemea ukuta, kwa kuwa macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia. Sisi tulikuwa tumekwisha jifunza kuipanda, tukiingiza mguu mmoja chini ya bomba la juu, kama wafanyavyo watoto wote ambao miguu yao haijafika. Dada aliomba ajifunze. Wazee wa ukoo walikaa kikao. Wakasema msichana haketi juu ya chuma akapita mbele za watu. Wengine wakasema mambo ambayo hatuwezi kuyaandika katika kitabu cha shule. Baba, ambaye alikuwa amewafundisha watu wa vijiji vingi kuchimba vyoo na kuchemsha maji, na kuacha mambo mengi ya kizamani, siku ile alinyamaza. Dada alitembea kwa miguu mwaka mmoja na nusu. Aliondoka kabla ya jogoo, akarudi baada ya jua kuzama, na mvua za mwaka wa pili zilipokuja akaacha shule. Baiskeli tukapewa sisi. Tulimaliza kidato cha nne kwa baiskeli hiyo, tukaajiriwa, na tumeandika mashairi mengi ya kusifu maendeleo, wala hatukuliweka jambo hilo hata katika ubeti mmoja.

Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo mila, na mila haihukumiwi. Hatukubaliani nao. Baiskeli ilikuja Unyamwezi watu wazima wakiitazama; hapakuwa na babu yeyote aliyeacha wosia kuhusu nani aipande. Mila ile ilitungwa papo hapo, na watu walioijua tarehe yake, kwa chombo kilekile ambacho kwingineko kilikuwa kimewafungulia wanawake mlango tangu miaka ya 1890. Anayechunguza utamaduni wa taifa hana budi kuuliza kila mila ina umri gani, na nani alikuwapo ilipozaliwa.

Tulipofika Usoke siku ya pili jua lilikuwa limepinda. Tulipumzika karibu na reli, tukanunua karanga, tukaendelea. Msitu wa upande ule una kimya ambacho si kimya kabisa: kuna nyuki, kuna njiwa, kuna upepo katika majani yaliyokauka, na kwa mbali mtu anakata mti. Juu ya matawi mizinga ya magome ilining'inia. Tulikutana na wapanda baiskeli wengi, na wengi walikuwa na mizigo iliyowazidi kimo. Tulihesabu pia wanawake. Kwa siku mbili tuliwapata saba, mmoja ana mtoto mgongoni na ndoo ya mahindi kwenye keria, mwingine kavaa sare ya muuguzi. Si wengi. Utotoni mwetu tungehesabu mpaka tuchoke tusimpate hata mmoja.

Hatukuwaambia wale waliotuuliza njiani kwamba tulikuwa na haja. Dada yetu aliolewa Urambo, na hatukuwa tumemwona kwa miaka minne. Kilomita chache kabla ya kufika, mwiba wa mkunga ukaingia tairi la nyuma, na pampu yetu ikakataa kazi. Tukasukuma baiskeli mpaka nyumbani kwake, tukafika usiku umeingia.

Alitoka na taa. Baada ya salamu na machozi kidogo aliizunguka baiskeli, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akaingia ndani, akarudi na beseni la maji, msasa na kopo la solusheni. Nyuma yake, ukutani, ilisimama baiskeli ya Phoenix. Aliinunua mwenyewe kwa fedha za tumbaku, alituambia, mwaka aliotimiza miaka arobaini, akajifunza kuipanda usiku nyuma ya banda la kukaushia, na binti yake wa pili akimshikia keria.

"Mlifika sokoni wakasema nini?" tuliuliza.

"Walisema," alijibu, huku akitafuta tundu ndani ya maji. "Mdogo wangu, lete taa karibu."